Turner Joy, manowari ya usiku wa Tonkin

Usiku wa tarehe 4 Agosti 1964, katika Ghuba ya Tonkin, manowari mbili za Marekani zilipiga mizinga gizani kwa zaidi ya saa mbili. Moja ilikuwa Maddox, mkongwe wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ya pili, Turner Joy, ilikuwa ndiyo kwanza imetimiza miaka mitano kazini, na yenyewe peke yake ilifyatua makombora zaidi ya 200. Kulipokucha, ndege zilipita juu ya eneo lile kutafuta masalia ya boti za adui. Hakikupatikana kibanzi, wala doa la mafuta, wala maiti.

Historia ya manowari hii inastahili kusimuliwa yote, maana ilitumikia miaka 23 na usiku ule mmoja umemeza kila kitu. Mkuku wake ulilazwa Seattle tarehe 30 Septemba 1957, ikashushwa majini Mei 1958, na ikaingia rasmi jeshini tarehe 3 Agosti 1959. Ilikuwa ya mwisho kati ya destroya 18 za aina ya Forrest Sherman, kundi la kwanza la destroya ambalo Marekani ililiunda baada ya vita. Urefu wake ulikuwa mita 127 na mwendo wake ulizidi noti 32. Ilibeba mizinga mitatu ya inchi 5 inayojijaza yenyewe, mmoja omoni na miwili upande wa tezi, na kila kombora lilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 32.

Jina ilipewa la Admirali Charles Turner Joy, aliyefariki mwaka 1956. Huyu ndiye aliyeongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa katika mazungumzo ya kusitisha vita vya Korea, akakaa mezani kuanzia Julai 1951 hadi Mei 1952 akibishana na wajumbe wa Korea Kaskazini na China. Ni jambo la kusikitisha kwamba jina la mtu aliyetumia miezi kumi kutafuta namna ya kunyamazisha mizinga lilikuja kufungamana na mwanzo wa vita vingine, vya Vietnam.

Siku mbili kabla ya usiku ule, tarehe 2 Agosti 1964, boti tatu za topedo za Vietnam Kaskazini ziliishambulia Maddox mchana kweupe. Shambulio hilo halina ubishi: Maddox ilipigwa risasi moja ya bunduki ya rashasha, na boti zile zikaumizwa vibaya. Maddox ilikuwa ikinasa mawasiliano ya redio ya pwani ile, na siku chache nyuma makomando wa Vietnam Kusini, wakisaidiwa na Wamarekani, walikuwa wameshambulia visiwa vya Kaskazini. Rais Johnson wa Marekani akaamuru doria iendelee, na Turner Joy ikaongezwa iwe mwenzi wa Maddox.

Usiku wa tarehe 4 ulikuwa hauna mwezi, mawingu yamefunga na bahari imechafuka. Rada zilionyesha vitu vinavyokuja kasi kisha vikapotea. Fundi wa sona wa Maddox akaanza kutangaza topedo, moja baada ya nyingine, hadi zikapita 20. Sona ya Turner Joy haikusikia hata moja. Manowari zilikuwa zikikata kona kali kukwepa, na kila zilipogeuka, makelele ya usukani na rafadha ya Maddox yenyewe yalirudi masikioni mwa yule fundi.

Kuna dakika moja ya usiku ule ambayo kwangu inatisha kuliko zote. Msimamizi wa mizinga wa Maddox alipata kwenye rada shabaha kubwa, iliyo wazi kuliko zote alizoziona usiku ule. Akaamriwa afyatue. Akasita, akauliza Turner Joy iko wapi. Akaambiwa tena apige. Akakataa mpaka ajibiwe. Turner Joy ilipotakiwa kuwasha taa, ikaonekana ndiyo iliyokuwa mbele ya mizinga yake. Ukaidi wa baharia mmoja uliokoa mamia ya wenzake.

Kapteni John Herrick, mkuu wa msafara ule, hakungoja mtu amuulize. Saa chache baadaye alituma ujumbe kwamba taarifa nyingi za topedo zilikuwa za kutilia shaka, na akashauri uchunguzi kamili ufanywe kabla ya hatua yoyote. Upande wa Turner Joy, baadhi ya mabaharia walishikilia kuwa waliona mkondo wa topedo na moshi mweusi. Washington haikusubiri. Johnson alihutubia taifa usiku huohuo, ndege za Marekani zikapiga bandari za Vietnam Kaskazini na matangi ya mafuta ya Vinh, na rubani Everett Alvarez akatekwa akakaa kifungoni zaidi ya miaka minane. Tarehe 7 Agosti Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kumpa rais mamlaka ya kutumia jeshi kwa kura 416 bila anayepinga. Katika Seneti wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening, walisema hapana.

Turner Joy ilirudi Vietnam mara kadhaa, safari hizo ikipiga mizinga kuwasaidia askari wa nchi kavu. Oktoba 1965 kombora lilikwama ndani ya mzinga wa nyuma. Mabaharia walipojaribu kulitoa likalipuka, likaua watatu. Januari 1973, saa za mwisho kabla ya mkataba wa amani wa Paris kuanza kufanya kazi, ilikuwa bado inafyatua, na inatajwa kuwa manowari ya Marekani iliyopiga mizinga ya mwisho ya vita hivyo. Ilistaafishwa tarehe 22 Novemba 1982.

Mwaka 1995 Robert McNamara, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Johnson, alikwenda Hanoi akamuuliza Jenerali Vo Nguyen Giap wa Vietnam nini kilitokea tarehe 4 Agosti. Giap alijibu kwamba hakikutokea kitu. Miaka kumi baadaye, utafiti wa Robert Hanyok, mwanahistoria wa shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, ulitolewa hadharani. Ulionyesha kuwa mawasiliano yaliyonaswa na kutumiwa kama ushahidi hayakuthibitisha shambulio, na kwamba sehemu kubwa ya yaliyopingana na habari hiyo haikufikishwa kwa wakubwa.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Turner Joy ni jumba la makumbusho, imefungwa gatini Bremerton, si mbali na Seattle ilikoundwa. Wageni huingia hadi kwenye mizinga na vyumba vya kulala mabaharia. Wengi wa waliokuwa kazini usiku ule walikuwa vijana walioamini wanapigania roho zao, na hilo sioni sababu ya kulitilia shaka. Shaka ya Herrick ilifika Washington kabla ndege hazijaruka; aliyeisoma na bado akatoa amri ndiye wa kuulizwa.