Kigoma hadi Tanga ni chini ya saa 2 angani, manamba waliipiga kwa wiki nzima nzima

Chukua ramani, piga mstari kutoka uwanja wa ndege wa Kigoma mpaka uwanja wa Tanga. Unapata kama kilomita 1,040, karibu mashariki tupu. Ndege ya mapangaboi inayokwenda kilomita 600 kwa saa ingeimaliza kwa saa 1 na dakika 45. Muvi moja tu hiyo! Abiria anayepitia Dar anazunguka zaidi: Kigoma–Dar kama kilomita 1,080, halafu Dar–Tanga karibu 200 nyingine.

Sasa mtu wangu, hii njia ina wenyewe. Waliipita kabla ya ndege, kwa maelfu, na majina yao hayatajwi popote. Waliitwa manamba.

Jina limetokana na namba. Kijana wa Kiha akishaandikishwa kwenda kukata mkonge anapewa namba, na shambani anajulikana kwa hiyo. Kazi inahesabiwa kwenye kipande: siku 30 za kazi ndiyo kimejaa. Ukiugua, siku haihesabiwi.

Kwa nini atoke Kasanda, kule juu Kibondo, au Kasulu, aende kukata majani yenye miiba mwisho wa nchi? Kodi. Mkoloni alitaka kodi kwa fedha taslimu, ila hakuhangaika kuinua zao la kuuza huko Buha. Mashamba ya Tanga na Morogoro yalitaka mikono, na Buha ikaachwa iwe ghala la vibarua. Huo haukuwa uzembe, ilikuwa hesabu.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini ukisema "Kigoma mwisho wa reli" kumbuka Kibondo hata huo mwisho haikuwa nao. Mtu alishuka milimani kwanza, siku kadhaa kwa mguu, ndipo aione treni. Na wa Tanga alikuwa na balaa lingine: reli ya kati na ile ya Tanga zilikuwa hazijaungana, mpaka 1963. Ilibidi ashuke njiani amalizie kwa barabara.

Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ikawa inakusanya watu na kuwasafirisha. Lakini wapo walioukwepa mkataba wakaamua kutembea wenyewe, ili wakifika wachague shamba. Piga hesabu: kilomita 1,000 na ushee, kwa kilomita 25 kila siku, ni siku 40 bila kupumzika hata moja. Chakula mgongoni, na nyumbani mke anabaki kulima peke yake.

Si wote waliorudi. Mkataba ukiisha mwingine aliongeza, mwingine alioa hukohuko, ndiyo maana mpaka leo ukienda kwenye vijiji vya mkonge Tanga unakuta koo za Waha ambazo wajukuu hawajawahi kuiona Kigoma.

Mjukuu akitaka kwenda leo, ndege itamshusha Kigoma mjini. Hapo bado ana zaidi ya kilomita 200 za barabara, Kasulu, kisha Kibondo, kabla hajaifikia Kasanda. Kipande hicho cha basi kitamla muda mwingi kuliko safari yote ya angani.