Leseni ya Dereva na Makosa Yaandikwayo Ndani Yake

Leo twapenda kueleza jambo ambalo kila aendeshaye motokaa hana budi kulijua. Na hata yeye aendaye kwa miguu litamfaa, kwa kuwa barabara ni yetu sote. Watu wengi hudhani kwamba dereva akiisha kulipa faini, mambo yamekwisha. Sivyo. Fedha huisha siku ile ile, bali maandishi hubaki. Ili tufahamu desturi hii ilivyoanza, yatupasa kutazama Uingereza, maana huko ndiko zilikotoka sheria nyingi za barabara zilizokuja kufuatwa katika nchi zetu.

Kwa sheria ya mwaka 1865, gari lililokwenda barabarani kwa mashine halikuruhusiwa kuzidi maili 4 kwa saa mashambani, na maili 2 mijini. Mwezi wa Januari 1896, Bwana Walter Arnold alipita Paddock Wood, katika jimbo la Kent, kwa mwendo wa maili 8. Askari akapanda baiskeli, akamfuata hata akamkamata. Kwa kosa hilo la mwendo alitozwa shilingi 1 na gharama za korti. Leseni ya kuandikiwa kosa haikuwako bado. Lau angalikosa tena katika jimbo jingine, hakimu wa huko angalimwona kama mtu mpya.

Magari yakazidi, na malalamiko yakazidi, hata Bunge likatunga sheria ya mwaka 1903, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1904. Kila gari lilipewa nambari, kila dereva akatakiwa kuwa na leseni ya shilingi 5, na mwendo ukawekewa mpaka wa maili 20 kwa saa. Mtihani haukuwapo, huo ulifanywa lazima mwaka 1935. Lakini sheria hiyo ilileta jambo kubwa: korti iliamriwa kuandika hatia ya dereva katika leseni yake mwenyewe. Kosa la kuzidisha mwendo tu ndilo lililosamehewa maandishi, mara ya kwanza na ya pili.

Wenye magari hawakufurahi. Polisi walijificha kando ya barabara na saa zao za kupimia mwendo. Nao wenye magari, mwaka 1905, wakaunda chama kiitwacho Automobile Association, kikaweka watu wenye baiskeli wa kuwaonya. Mwaka 1910 korti ilikata shauri kwamba onyo la namna hiyo laweza kuwa kosa la kumzuia askari kazini. Basi watu wale wakatumia hila: walimpigia saluti kila mwanachama apitaye, na dereva asipopigiwa alijua pana jambo mbele.

Kwa nini maandishi yaliogopwa? Faini ndogo haimwumizi tajiri, bali kwa maskini ni chakula cha watoto. Leseni ikiondolewa, tajiri aweza kuajiri mtu wa kumwendesha. Lakini yule ambaye udereva ndio kazi yake hupoteza riziki. Kwa hiyo ilipasa hesabu ya makosa ifanywe kwa haki.

Sheria ya mwaka 1962 iliamuru kwamba mwenye kuandikiwa makosa matatu katika miaka 3 azuiwe kuendesha kwa miezi 6. Ubaya wake ni kuwa kosa jepesi na kosa zito yalihesabiwa sawasawa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1982 zilianzishwa alama: kosa dogo alama chache, kosa kubwa alama nyingi. Atimizaye alama 12 katika miaka 3 kwa kawaida huzuiwa miezi 6 au zaidi. Naye dereva mpya akipata alama 6 kabla ya miaka 2 tangu kufaulu mtihani, leseni yake hufutwa, akaanza upya.

Siku hizi dereva wa Uingereza aliyezidisha mwendo kidogo aweza kupelekewa karatasi ya faini ya pauni 100 na alama 3. Ana siku 28 za kuchagua: kukubali na kulipa, au kukataa na kuomba shauri lake lisikilizwe kortini. Kulipa ni kukiri; na watu wa bima huziona alama hizo, wakapandisha bei yao. Mjinga ni yule aitupaye karatasi, maana kunyamaza huzidisha gharama.

Katika Kenya na Tanzania pia sheria huipa korti uwezo wa kuandika hatia katika leseni. Basi, ndugu, upewapo karatasi ya kosa, isome yote, angalia tarehe, nambari ya gari na kosa lenyewe. Ukiwa na haki, itete mbele ya hakimu. Ukiwa na hatia, lipa panapostahili, shika stakabadhi, na urekebishe mwendo wako. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.