Barry, Yadi Iliyookoa Vichwa vya Garimoshi

Katika miaka ya 1960, mgeni aliyefika bandari ya Barry, kusini mwa Wales, alikuta safu ndefu za vichwa vya garimoshi vimesimama kwenye reli zilizokuwa zikipitisha makaa ya mawe. Upepo wa bahari ulikuwa umevila kwa kutu. Shaba ilikuwa imeng'olewa, na majani yameota kati ya magurudumu. Vyote vililetwa hapo vikatwe na kuuzwa chuma chakavu.

Uingereza, nchi iliyozaa reli, ilikuwa inaachana na mvuke kwa kasi kubwa. Reli zilipotaifishwa mwaka 1948, shirika jipya la taifa lilirithi vichwa vya mvuke takriban 20,000. Mwaka 1955 likaamua kuhamia dizeli na umeme. Kichwa cha mwisho cha mvuke lilichokiunda, Evening Star, kilitoka karakana ya Swindon mwaka 1960 na kuondolewa kazini mwaka 1965, kikiwa na umri wa miaka mitano tu. Tarehe 11 Agosti 1968 likaendesha treni yake ya kuaga mvuke kwenye njia kuu.

Mwenye yadi ya Barry aliitwa Dai Woodham. Mwaka 1959 alikwenda Swindon kujifunza namna ya kukata vichwa, kisha akaanza kuvinunua, hadi vilivyopita katika yadi yake vikafika jumla ya 297. Lakini alinunua pia mabehewa mabovu ya mizigo, na hayo ndiyo yaliyogeuza historia. Behewa hukatika haraka na fedha yake huonekana mapema. Kichwa chenye boila nene kinataka muda na jasho. Woodham akatanguliza mabehewa, vichwa akaviweka akiba kwa siku ambazo kazi ingepungua. Kwa vingi, siku hizo hazikufika.

Wapenzi wa reli wakaiona nafasi hiyo. Mwaka 1968 kichwa namba 43924 kilikuwa cha kwanza kukombolewa, kikapelekwa kwenye reli ya Keighley na Worth Valley huko Yorkshire. Vikundi vikaundwa kila upande, watu wakachangishana kulipia bei ya chuma. Wengine walisafiri hadi Barry kupaka mafuta na rangi kichwa ambacho hawajamaliza kukilipia, wakaandika ubavuni kwamba kina mwenyewe, kisiguswe.

Mfano wa kichwa kiitwacho Duke of Gloucester unaonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Kiliundwa Crewe mwaka 1954, cha pekee cha aina yake, kikastaafishwa mwaka 1962. Silinda moja ya nje ilikatwa ikapelekwa kwenye Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London, na ya upande wa pili ikaondolewa ili uzito usiegemee upande mmoja. Mwaka 1974 kikundi cha wapenzi kilinunua mabaki hayo kutoka Barry. Walilazimika kutengeneza upya silinda na mfumo mzima wa vali, wakichangisha fedha kipande kwa kipande kwa miaka 12.

Katika kazi hiyo waligundua jambo zito. Enzi zake, kichwa hiki kilisifika vibaya: kilikula makaa mengi na kutoa mvuke kidogo. Kumbe matundu ya hewa chini ya tanuri yalikuwa yametengenezwa madogo kuliko michoro ilivyoagiza. Yakarekebishwa. Mwaka 1986 Duke of Gloucester kilipowashwa tena, kilivuta kuliko kilivyowahi kuvuta kikiwa mali ya taifa.

Kufikia mwaka 1990, vichwa 213 kati ya 297 vilikuwa vimetoka Barry vikiwa vizima. Hakuna yadi nyingine ya chuma chakavu nchini Uingereza iliyoacha urithi wa namna hiyo. Woodham alifariki mwaka 1994, na hadi leo vingi vya vichwa alivyochelewa kuvikata vinabeba abiria kwenye reli zinazoendeshwa na watu wanaojitolea.