Natur-Park Südgelände

Natur-Park Südgelände ni hifadhi ya takriban hekta 18 mjini Berlin, Ujerumani, iliyoota ndani ya yadi ya zamani ya kupangia mabehewa ya Tempelhof. Baada ya Berlin kugawanyika, yadi ilifungwa mwaka 1952. Mibetula na mirobinia ikajiotea yenyewe katikati ya reli. Wakazi walipinga mpango wa kujenga kituo kipya cha mizigo, na mwaka 2000 eneo lilifunguliwa kwa umma. Penye nyasi adimu wageni hupita juu ya njia ya chuma iliyoinuliwa, wasikanyage mimea wala viota. Mnara wa maji na garimoshi kuukuu vimebakishwa. Ajabu kwa hifadhi, wachoraji wa grafiti wametengewa kuta zao.