Rangi inayong'aa humsaidia daktari kuona ugonjwa ndani ya utumbo

Mtu akiona damu kwenye choo, wengi husema ni bawasiri au amiba. Huenda ni kweli. Lakini damu hiyo inaweza pia kutoka kwenye saratani au vidonda vya utumbo mpana, na kwa kuitazama tu huwezi kujua.

Kipimo cha kawaida

Daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa. Kipimo hiki huitwa kolonoskopi. Akiona sehemu ya kutilia shaka, hukata kinyama kidogo kikapimwe kwa hadubini maabara. Majibu huweza kuchukua siku kadhaa au zaidi.

Mwaka 2004 madaktari wa Mainz, Ujerumani, walichapisha matokeo ya njia nyingine: hadubini ndogo iliyowekwa kwenye ncha ya mpira huo. Kwa njia hiyo seli huonekana mgonjwa akiwa bado kitandani.

Rangi inafanya nini?

Mgonjwa hudungwa kwenye mshipa dawa ya rangi iitwayo fluoresini. Muda mfupi baadaye damu huifikisha utumboni. Ikimulikwa kwa leza ya buluu, hung'aa kijani, na hadubini hukuza picha takriban mara 1,000. Rangi hii si ngeni: ilitengenezwa mwaka 1871 na mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer, na madaktari wa macho wanaitumia tangu miaka ya 1960.

Utumbo mpana wenye afya una vitundu vya mviringo vilivyopangika kama sega la nyuki. Penye vidonda, mpangilio huharibika na rangi huvuja nje ya mishipa ya damu. Penye saratani, vitundu hupoteza umbo na mishipa hujipinda ovyo.

Madhara yake

Ngozi na mkojo huweza kuwa vya njano kwa saa kadhaa. Hiyo si homa ya manjano. Rangi inatoka mwilini. Wengine hupata kichefuchefu. Mzio mkali hutokea mara chache, lakini ni wa hatari. Kwa hiyo mwambie daktari mapema kama una mzio wowote, una mimba au unanyonyesha.

Usikisubiri kipimo hiki

Mashine hii ni ghali, inahitaji mtaalamu aliyefunzwa, na huona eneo dogo sana kwa wakati mmoja. Kinyama bado hukatwa ili kuthibitisha ugonjwa.

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nenda ukiona damu kwenye choo, ukiharisha au kufunga choo kwa wiki kadhaa, ukikonda bila sababu, au ukiishiwa damu. Ukitibiwa amiba au bawasiri na damu ikaendelea, rudi uombe rufaa. Usione aibu kueleza habari za choo. Saratani ya utumbo ikigunduliwa mapema, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi.