Padri Aliyewazika Wafungwa wa Pyoktong

Mazishi ya askari huwa na wadai wawili: serikali iliyomtuma vitani na Kanisa lililombatiza. Serikali huleta bendera, tarumbeta na risasi za heshima. Padri huleta maji ya baraka na sala. Kwa kuwa yote hayo hufanyika mahali pamoja na saa moja, wengi huamini kwamba padri naye ni sehemu ya gwaride. Mimi nashikilia kwamba huduma yake ni ya marehemu mwenyewe na ya waliobaki hai, na ushahidi wangu mkubwa ni Padri Emil Kapaun, kasisi wa jeshi la Marekani aliyezika watu mahali ambapo serikali yao haikuweza kufika.

Kapaun alizaliwa mwaka 1916 huko Pilsen, kijiji cha wakulima katika jimbo la Kansas, akapata upadrisho mwaka 1940. Mwaka 1950 alikwenda Korea pamoja na wanajeshi wa Rejimenti ya 8 ya Wapandafarasi, ambao licha ya jina hilo la kale walipigana kwa miguu. Mapema Novemba majeshi ya China yaliwazingira karibu na Unsan. Angeweza kutoroka, lakini alibaki na majeruhi na akatekwa pamoja nao. Walipelekwa katika kambi ya Pyoktong, kando ya mto Yalu, na katika majira yale ya baridi njaa, kuhara na nimonia viliua mamia ya wafungwa. Ardhi iliganda hata makaburi yakawa ya kina kifupi tu. Watu wenye njaa hawana nguvu za kubeba maiti, lakini Kapaun alikuwa akijitolea kwa kazi hiyo. Aliwaombea marehemu, kisha akachukua nguo zao, akazifua na kuwapa waliokuwa wakitetemeka kwa baridi.

Yupo atakayeona kwamba kumvua maiti nguo ni kumvunjia heshima. Hoja hiyo ina uzito, maana desturi zetu nyingi hudai marehemu asitiriwe. Lakini katika mafundisho ya Kanisa, kuzika wafu na kuwavika walio uchi yamo katika orodha moja ya matendo saba ya huruma ya kimwili, na Kapaun aliyatimiza yote mawili kwa safari moja ya makaburini. Marehemu alipata sala. Jirani yake alipata koti.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba padri anayesimama kaburini akiwa na sare za jeshi anaibariki vita yenyewe. Ni kweli kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza wapo makasisi, wa pande zote, waliohubiri mauaji kama wajibu mtakatifu, na lawama hiyo wanastahili. Lakini walikosea mimbarani. Kaburini swali ni jingine. Mikataba ya Geneva ya 1949 inaagiza kwamba hata adui azikwe kwa heshima na, ikiwezekana, kwa taratibu za dini yake, bila kuuliza kama vita yake ilikuwa ya haki. Pyoktong hapakuwa na bendera wala bunduki za kumsifu aliyekufa, na walinzi hawakutaka ibada. Palibaki sala na udongo, na kazi ya padri ilikuwa bado kamili.

Kapaun mwenyewe alifariki huko tarehe 23 Mei 1951, akiwa na umri wa miaka 35. Mabaki yake yalirudishwa baada ya vita, yakazikwa Hawaii miongoni mwa askari wasiojulikana. Mwaka 2013 Rais Obama alimtunukia Nishani ya Heshima, na jamaa yake akaipokea kwa niaba yake. Kwa upande wa serikali, sifa zilikuwa zimetimia, ingawa hakuna aliyejua mwili ulipo. Ulitambuliwa mwaka 2021, na Septemba ya mwaka huo watu wa Wichita walikusanyika kwa Misa ya mazishi, miaka 70 baada ya kifo chake, wakamzika katika kanisa kuu la jimbo lake.