Pamoja Tulinde Maisha

Pamoja Tulinde Maisha (kwa kifupi PALM) ni jaribio la kitabibu lililolinganisha dawa nne za Ebola katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019. Ni mfano adimu wa utafiti uliowafaa wagonjwa wa mlipuko uleule uliouzaa.

Asili

Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, ukaenea hadi zoni nyingi za afya. Mojawapo ya dawa nne zilizojaribiwa, mAb114, ina asili ya Kongo yenyewe: ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Huko Kikwit, timu ya Profesa Jean-Jacques Muyembe iliwatia wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Hoja yake kwamba damu ya waliopona inaweza kutibu haikupewa uzito nje ya nchi kwa miaka mingi.

Matokeo

Jaribio liliongozwa na taasisi ya kitaifa ya utafiti wa tiba (INRB) ya Kinshasa pamoja na taasisi ya utafiti ya serikali ya Marekani. Wagonjwa 681 waligawanywa kwa bahati nasibu. Tarehe 9 Agosti 2019 kamati huru ilishauri lisimamishwe mapema, maana tofauti ilikuwa dhahiri: ndani ya siku 28 walifariki asilimia 49.7 ya waliopewa ZMapp na 53.1 ya waliopewa remdesivir, dhidi ya 35.1 kwa mAb114 na 33.5 kwa REGN-EB3. Tangu hapo wagonjwa wapya wa vituo hivyo walipewa mojawapo ya hizo mbili za mwisho, miezi mitatu kabla ya makala ya kisayansi kuchapishwa.

La kuzingatiwa zaidi ni muda. Kila siku ambayo mgonjwa alikaa nyumbani na dalili iliongeza uwezekano wa kufa. Waliofika mapema, virusi vikiwa vichache mwilini, walipona karibu tisa kati ya kumi kwa dawa hizo mbili.

Usalama

Jaribio lilifanyika katika hali ya hatari: vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019.

Matumizi ya sasa

Marekani iliidhinisha dawa zote mbili mwaka 2020, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza rasmi Agosti 2022. Hata hivyo, sehemu kubwa ya akiba ya dawa hizo imewekwa Marekani, mbali na watu ambao miili yao ndiyo iliyothibitisha kwamba zinaponya.